Kikombe Changu

Miezi sita nilimeza vidonge vya kifua kikuu,
mkojo ukawa mwekundu kama rozela,
kivuli hakikusogea.
Majirani wa Makorora wakanitengea kikombe changu.

Bombo, Daktari Shekalaghe aliinua picha dirishani:
"Kifua kikuu sicho. Saratani nayo
haina subira ya kukaa kitako hivi."

Sindano ikapita katikati ya mbavu;
kinyama, punje ya mchele,
kikapanda basi kwenda Dar ndani ya kichupa.

Wiki tano.

Jibu likaja: uvimbe wa nadra,
mwili uliwaka, ukasahau kujizima.
Wakakata kipande cha pafu, kadiri ya ndimu.

Leo nimepanda ngazi za shule
nikipumzika mara moja tu.
Ndani ya kile kikombe
nimeotesha mrehani.