Ndoo Sita

Zahanati ya Igombe, saa mbili na robo.
Nje, harufu ya dagaa inapanda na jua.
Mimi na koti langu jipya, mfuko umejaa kalamu,
na fomu yenye visanduku kumi na vinne.

Jina?
Nkwimba Lushinge.
Umri?
Alicheka. Nikaandika hamsini, kwa kukisia.
Tumbo limeanza kuuma lini?
"Hili ni giza la tatu."
Nikapaza sauti, kana kwamba ni kiziwi: Tarehe!
"Nimekwambia. Giza la tatu."
Nikaandika: hakumbuki.

Unapata homa? Ndiyo.
Unaharisha? Ndiyo.
Hupati choo? Ndiyo, daktari.
Ndiyo laini, ya adabu,
kama chai anayomiminiwa mgeni
aliyekuja wakati mbaya.

Toka moja mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi?
"Kumi ya nini?"
Ya maumivu.
"Mimi hupima kwa ndoo."

Panda kitandani, nikasema.
Nikafunua khanga bila neno,
nikaweka kiganja kilichotoka kwenye maji ya bomba.
Tumbo likawa ubao.
Kalamu ilikwisha kuandika *limekaza*
aliponishika mkono, si kwa hasira:

"Mwanangu,
hata kibanda cha turubai kule mwaloni
hupigiwa hodi."

Nilisugua viganja mpaka vikapata moto.
Nikavuta kiti, macho yangu yakawa chini ya yake.
Mwangaluka, mama. Nimechelewa nusu saa kukuamkia.
Akaitika kirefu. Akauliza kwetu ni wapi,
mama yangu anauza nini.
(Karanga. Misungwi.)
Nikamweleza ninachotaka kufanya, na kwa nini,
na kwamba akisema acha, nitaacha.

Kidole juu ya kidole, nikagonga,
toka kitovuni kwenda kushoto, chini ya mbavu.
"Karibu," akasema,
na tumbo likacheka pamoja naye, likalegea.
Liliitika kama ngoma, kama ngoma,
kisha kama gunia lililojaa:
bandama, kubwa, limeshuka,
miaka thelathini ya kusimama majini
akisuuza dagaa.

Mkono wangu ukiwa bado pale, akasimulia.
Giza ni zile siku mwezi haupo
na taa za wavuvi zinaita dagaa;
mbalamwezi ikirudi, mitumbwi hulala.
Hakuwa amesahau kitu.
Mimi ndiye sikujua kuhesabu.

Giza la kwanza alitua ndoo njiani mara moja.
La pili, mara nne.
Hili la juzi alitapika kitu cheusi
nyuma ya vichanja,
akakifukia kwa mchanga, wanunuzi wasione.

Hicho hakikuwa na kisanduku.

Na homa? nikauliza tena.
"Hapana. Nilidhani unataka iwepo."

Nilifuta *hakumbuki* mpaka karatasi ikatoboka.
Nikamwambia ataondoka leo, si kesho,
na kwa nini, na nani abaki na vichanja vyake.
Hilo la mwisho aliliuliza mara mbili.

Kwenye barua ya rufaa nimeandika yote ya kitabuni,
na chini yake: maumivu, ndoo sita.
Atakayeipokea mjini akishangaa,
na ashangae kwa sauti,
mama akiwa mbele yake.