Mwaka wa Nne, Bila Mbegu

Siku saba kabla ya kamera naambiwa niache mbegu.
Mimi, Etelka, mwoka mikate wa Makó,
ambaye tangu Novemba hadi Krismasi
mikono hushinda myeusi kwa mbegu za mpopi
zilizosagwa na sukari na ganda la limau.
Nazikunja ndani ya kinyunya laini kama ndewe la sikio,
naoka, nakata, nauza,
na kidole sirambi.

Punje moja ikinasa kwenye ukuta wa utumbo
daktari aweza kuidhania kitu kingine.
Kitu kingine: ndivyo tunavyokiita nyumbani.
Jina lake kamili limo kwenye faili.

Miaka miwili ya mwanzo walinitoa damu kila miezi mitatu.
Niliishi kwa robo, kama mpangaji:
nimelipa hadi Machi,
nimelipa hadi Juni,
mwenye nyumba hajabisha hodi.
Sasa ni nusu mwaka kwa nusu mwaka. Muuguzi Gyöngyvér
haulizi tena mkono upi;
anaujua mshipa wangu wa kushoto,
mvivu, asema, ila mwaminifu.

Wateja huuliza, "Ulishapona, sivyo?"
Nawapa chenji yao.
Niseme nini? Kwamba kovu limefunga,
linashuka toka kitovuni kama mshono wa gunia;
kwamba ncha za vidole, tangu dripu ya mwisho,
hazitofautishi siagi baridi na makali ya kisu;
kwamba nakijua kila choo
kati ya stesheni na soko la vitunguu,
na kipi hukosa karatasi.

Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.
Unyasi wangu umo ndani.
Tumbo likinguruma saa nane usiku
nakaa kitandani, nalisikiliza
kama mtu asikilizaye jirani wapya.

Boróka, binti yangu, ana miaka thelathini na tisa.
Daktari alisema tangu siku ile:
wanao nao wapimwe, tena mapema.
Miaka minne nimelitia neno hilo katika kila simu
kidogo kidogo, kama chumvi,
na kila mara ameonja, akatema.
"Mama, mimi sina dalili."
Mimi nilikuwa nayo ipi?

Juzi usiku nilikuwa na dawa ya kusafisha,
lita mbili zenye ladha ya chungwa
lisilowahi kuuona mti.
Simu ikalia.
"Uko glasi ya ngapi?"
"Ya tano. Kwani?"
"Mimi ya pili. Nimepata nafasi kesho, nyuma yako.
Usiseme kitu."

Sikusema kitu.
Tukanywa, yeye Szeged, mimi Makó,
simu ikilala mezani imewashwa,
tukikimbia chooni kwa zamu,
na anayerudi akimkuta mwenzake hayupo
anaongea na jiko.
Sijacheka hivyo tangu baba yake azikwe.

Kwangu: safi. Niendelee na damu, na picha ya kifua na tumbo.
Kwake: kijinyama, si kikubwa kuliko dengu.
Wamekikata hapo hapo, kimepelekwa maabara.
"Vya namna hii," alisema daktari akivua glavu,
"ndivyo tunavyopenda kukutana navyo vingali hivi."

Gyöngyvér akamwandikia kadi.
Ya njano, kama yangu, ila pembe zake bado kali.
Boróka aliishika kwa ncha za vidole
kama picha ambayo haijakauka.
Nilitaka kumwomba radhi.
Nikamfunga kitufe cha koti badala yake,
na vidole vyangu hivi, vikachukua muda,
naye akasimama tuli mpaka nikamaliza.

Leo saa kumi alfajiri nimesaga mbegu.
Nimekula kijiko kizima nimesimama,
aproni haijafungwa,
dirisha jeusi kwa baridi.
Chache zimenasa kwenye meno.
Naziacha.