Namba Kumi na Mbili

Ndege imekaa katikati ya maharage ya watu,
pua chini, panga zake zimejikunja
kama majani ya mgomba baada ya mvua ya mawe.
Abiria tisa wametoka kwa miguu yao.
Kapteni Nasieku ametoka wa mwisho,
akamwomba mwenye shamba radhi
kabla hajaomba maji.

Kufika jioni Kisongo nzima ina jibu.
Muuza mahindi anasema ni korongo,
alimwona akiingia mdomoni mwa injini, hakutoka.
Vijana wa bodaboda wanasema ni mizigo,
masanduku yale, kama watu wanahama nchi.
Mwenye shamba anahesabu mistari iliyolala:
"Injini imeharibika, haya.
Na maharage yangu, yalikuwa na hitilafu gani?"

Mimi sisemi kitu.
Mimi ndiye niliyetia sahihi alfajiri:
E. Nnko, fundi, saa kumi na mbili na robo,
kwa kalamu iliyokwamakwama kwa baridi.

Labda maji.
Usiku wa Julai mlima Meru hushusha ubaridi
hadi matangi yatoke jasho kwa ndani.
Nilikinga mafuta kwenye chupa, nikayamulika kwa tochi,
yakawa safi, rangi ya nyasi kavu.
Lakini tone la maji ni jizi,
hulala kwenye kona ya bomba
likangoja ndege iinue pua.

Labda chujio. Labda pampu,
maana pampu huchoka kimyakimya kama mtu mzima,
haikohoi, haiombi ruhusa,
siku moja tu haiamki.

Labda kile kizibo cha sumaku ndani ya oili,
kinachookota vumbi la chuma
kitusengenyee gia zinaposagana meno.
Jumatatu nilikifungua
nikakuta unywele mmoja wa chuma,
mwembamba kuliko kope ya mtoto.
Kitabu kinaruhusu. Niliufuta kwa kitambaa.
Kitabu kinaruhusu,
leo nimekisoma tena mara tatu.

Labda korongo kweli.

Kisha Tumsifu, mwanafunzi wangu, akafungua sanduku.
Kila spana ina shimo lake kwenye sponji,
nasi huzihesabu kama mchungaji zizini.
Shimo moja lilikuwa tupu.
Kumi na mbili.
Hakuniuliza. Alishusha kifuniko taratibu
kama anayemfunika mtu uso.

Nilitembea mpaka Ngaramtoni,
na kila hatua ile spana ikadondoka upya kichwani mwangu,
ikagonga bomba, ikakata waya,
ikalala mahali penye joto ikingoja.
Abiria tisa. Na Nasieku, ambaye kila safari
hunipungia mkono kabla ya kuwasha.

Uani, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu.
Anande amechuchumaa, mikono myeusi kwa grisi:
"Baba, breki nimekaza mwenyewe!"
Na mkononi mwake, ikimetameta, mama yangu,
namba kumi na mbili.

Nilikaa chini palepale kwenye matope
nikacheka hadi mke wangu akatoka na mwiko,
akaniangalia, akarudi ndani bila neno.

Lakini usingizi haukuja.
Saa tisa usiku nilijikuta naitamani ile spana,
naona haya kusema, lakini niliitamani.
Ilikuwa jibu. Ilikuwa na namba.
Mtu angeweza kuinyooshea kidole, akanifukuza kazi,
mambo yakaisha.

Sasa wakaguzi wanakuja kutoka Dar na maswali yao.
Watapima mafuta, watasaka manyoya,
wataandika "huenda" mara nyingi kwa herufi nzuri.
Tumsifu atarudisha spana kwenye shimo lake.
Nami nitakwenda na mfuko wa nailoni,
ndani yake kile kitambaa cha Jumatatu.
Sijakifua.