Viti Themanini

Mie kazi yangu viti.
Viti vyeupe vya plastiki, mguuni alama ya rangi nyekundu,
ili kikipotea kwenye shughuli huko Fuoni
nikitambue hata kama kimekaliwa na sheha.

Mwezi wa nne, masika yamechachamaa,
akaja Bwana Hiranya Phukan, mhasibu wa hoteli:
"Bi Mashavu, nataka viti arubaini.
Mwaka mpya wetu, Bihu. Risiti uandike
Jumuiya ya Waassam, Zanzibar."
Hajamaliza kushuka ngazi
akapanda Bibi Nabanita, mwalimu wa hesabu,
shingoni kitambaa cheupe chenye pindo jekundu:
"Viti arubaini. Siku hiyo hiyo.
Andika Jumuiya Halisi ya Waassam, Zanzibar.
Hilo Halisi usilisahau."

Nikamuuliza, kwani nyie mko wangapi kisiwa kizima?
Thelathini, akasema. Akafikiri.
Thelathini na mmoja, na mtoto wa Rupjyoti
aliyezaliwa juzi Mnazi Mmoja.

Watu thelathini na mmoja, viti themanini!
Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime;
mie sina shamba,
nikashika kitabu cha risiti.

Kisa, nilikuja kuambiwa na mpishi wao, ni mhuri.
Mhuri wa mpira, wa duara, wa shilingi elfu kumi na tano,
nani alale nao nyumbani kwake.
Nikacheka, kisha kicheko kikanikauka.
Mume wangu na kaka yake, tumbo moja, Chake Chake,
miaka sita hawakupeana salamu
kwa rangi ya bendera juu ya paa.
Mama yao akipika chungu kimoja
akipakulia milango miwili.

Siku ikafika. Kumbe nyumba zenyewe, huko Mbweni, zimepakana:
ukuta mmoja, juu umepandwa vigae vya chupa.
Huku wana ngoma yao, dholi, ngozi pande mbili,
na pembe la nyati linalolia kama siwa yenye mafua.
Kule wana spika mbili kubwa kama makabati,
wamezikodi Darajani.
Huku mikate ya mchele iliyoviringishwa, ndani ufuta na sukari guru.
Kule mikate ya mchele iliyoviringishwa,
ndani ufuta na sukari guru,
na kila upande unaninong'oneza: ya wenzetu imeungua.
Nilikula kotekote. Sikuuona ulioungua.

Saa mbili na robo umeme ukakatika.
Mbweni nzima, kiza totoro.
Spika zikafa katikati ya neno.
Ikabaki mvua inadondoka juu ya turubai,
halafu ngoma ikavuka ukuta,
haikubisha hodi, haikuonyesha risiti.
Nilikuwa upande wa Halisi, na tochi ya simu.
Nikaimulika chini natafuta kandambili yangu
nikaona miguu,
miguu yote chini ya viti vyangu
inagonga ardhi taratibu, kama inaiba.
Na ya Bibi Nabanita.
Uso wake umetazama mbele, haujui lolote.

Asubuhi kijana wangu Mbarouk akavirudisha kwa kirikuu.
Kutoka Halisi, thelathini na saba.
Akaanza kutukana: wezi hawa!
Nikamwambia, hebu hesabu na vya kule.
Arubaini na vitatu.

Vitatu vilivuka gizani,
sijui kwa getini, sijui juu ya zile chupa,
sijui vilibebwa na nani.
Kimoja kina alama ya kiganja mgongoni,
unga wa mchele, umekauka.

Bwana Phukan akapiga simu: kuna upungufu?
Bibi Nabanita akapiga: kuna upungufu?
Wote nikawajibu, vimetimia.
Wala sikusema uongo; themanini ni themanini.

Na mwakani, nikawaambia, viti vipo, chukueni mtakavyo.
Ila turubai limebaki moja tu.

Hapo ndipo nilipoongopa.