Boliti ya Saba

Semboja alitaka injini itoke peke yake,
giaboksi ibaki chini, imelalia gogo la mnazi.
Mhina akasema: toa vyote, mtu na mkewe,
utawaachanisha wakishafika chini, ukiona unachofanya.
Wakabishana hadi chai ikapoa,
hapa Chuda, bati likilia kwa jua,
mnyororo wa winchi ukining'inia bure.

Semboja akashinda. Spana ni zake.

Boliti sita zikalala kwenye kopo la siagi.
Ya saba, ile ya juu, haionekani,
hutafutwa kwa vidole.
Wakaniita mimi mwembamba.
Nikapenyeza mkono hadi kiwiko,
shavu kwenye grisi,
nikapapasa: tundu. Tundu tupu, na vumbi lake.
"Haipo."

"Nani aliishusha mara ya mwisho?"
Mhina aliuliza huku anachekea kikombeni.
Semboja akafuta mikono, kidole kimoja kimoja,
akaitazama barabara kama anayemngoja mteja.

Tukavuta. Injini ikayumba, ikachomoka
kama jino lililokwishalegea.

Nilipotumwa dukani
alinipa hela ya mfuko wake, si ya gereji.
"Boliti moja?"
"Lete mbili," akasema, bila kunitazama.