Kitabu cha Wageni

Afisa aliuliza: "Vyumba vingapi?"
Nikasema viwili, na kimoja kinavuja.
Akaandika viwili.
Kuvuja hakukuwa na safu yake.

Nyumba ni ya marehemu Almasi, hapa Ujiji,
bati jekundu, mlango wa mninga aliouchonga mwenyewe
akakosea kipimo; tangu hapo tunaufunga kwa bega.
Binti yangu Zamda, yuko Mwanza, ndiye aliyetuma picha mtandaoni,
akaandika chini yake: utulivu, na ziwa linaonekana.
Linaonekana, naam,
ukisimama juu ya ndoo.

Wa kwanza walikuja wawili, waendao Gombe kutazama sokwe.
Wakala mgebuka kwa ugali wa muhogo,
wakalipa kabla sijataja bei.
Kesho yake mjumbe Rehani alikuwa barazani,
amekataa kiti. Hiyo ni dalili mbaya.
"Dada, nasikia una wageni. Kibali unacho?"

Kibali.
Neno fupi, miguu mingi kama tandu.

Nilianzia mtaani kutafuta barua,
mwenye mhuri kaenda msibani Kalinzi.
Nikarudi Jumatano. Barua ikanipeleka Manispaa,
Manispaa wakataka kwanza namba ya mlipakodi,
wenye namba wakataka hati ya nyumba iwe na jina langu,
na kulitoa jina la Almasi
kunataka cheti cha kifo, nakala tatu.
Karibu na stesheni kijana wa mashine akaniuliza,
"Mama, ya rangi au nyeusi?"
Nyeusi, mwanangu.

Akaja Bwana Ntahondi wa afya,
akakitazama choo changu kwa muda
ambao mimi sijawahi kukitazama,
akapima dirisha, akafunua shuka,
akaomba mawese chupa moja, akailipia, nikashangaa.
Wa zimamoto wakasema mtungi ukae mahali unapoonekana.
Mahali hapo palikuwa na picha yetu ya harusi.
Picha sasa iko chumbani kwangu.

Mwisho wakaniambia ninunue kitabu, nikipige mistari:
Jina. Uraia. Atokako. Aendako.
Siku ya kuingia. Siku ya kutoka. Malipo.

Nilikaa nacho usiku, kalamu mkononi.
Chumba hiki hiki, mwaka wa tisini na sita,
walilala watu kumi na mmoja kutoka ng'ambo.
Mama mmoja alivuka ziwa na cherehani mapajani,
kaipakata kama mtoto, hakuitua mpaka kulipokucha.
Hatukuuliza uraia.
Tuliuliza kama watoto wamekunywa uji.
Almasi alilala mlangoni, mgongo kwenye ubao usiofunga.
Wahenga wanasema siku ya tatu mpe mgeni jembe;
jembe tulikuwa nalo moja, nalo lina ufa.
Wakakaa miezi mitano.

Sisemi sheria ni mbaya, msininukuu hivyo.
Mwaka jana kule Mwanga nyumba iliungua,
haikuwa na mtungi wala daftari,
na kijana aliyekuwa amelala mle
tulimzika kwa namba ya chumba.
Saba.
Mama yake yuko mahali fulani anapiga simu.

Basi nikafungua ukurasa wa kwanza,
nikaandika kwa mwandiko wa shule:
Mama Faida. Mkongo. Uvira.
Kwenye Aendako nikasita, nikaweka kistari.
Siku ya kutoka: alfajiri, hakutuamsha.
Wengine kumi niliwaandika niwezavyo,
mmoja nimemwita Yule wa Kikohozi.

Leseni ilitoka Ijumaa, nimeitundika.
Mwezi uliofuata wakaja kukagua,
binti mdogo, viatu vizuri, kidole kinashuka safu kwa safu.
"Hawa kumi na mmoja, mama, sioni malipo.
Ushuru wao wa kulala uko wapi?"

Nikamwonyesha cherehani kwenye kona,
na mapazia iliyoyashona,
na foronya, na kitambaa cha meza alipoegemeza kiwiko.

Akayatazama mapazia.
Akafungua ukurasa wa pili.