Wembe wa Mchora Ramani

Kabla ya kompyuta, barabara zilifutwa kwa wembe.
Baba alifanya kazi Ruaraka, kwa wapima ardhi,
meza ya tatu kutoka dirishani,
na mji mzima ulilala mbele yake kwenye karatasi angavu
kama mgonjwa anayengoja kuambiwa
atapasuliwa wapi.

Kifutio hakukipenda. Kifutio huacha uchafu.
Alikwangua wino taratibu,
kama mtu anayebandua ukoko bila kuiumiza sufuria,
akapuliza vumbi lake jeusi,
na palipokuwa na njia pakawa hapana.

Majina ndiyo yaliyohama kwanza.
Binti mfalme akashushwa kwenye kibao, Uhuru akapandishwa;
Doonholm ikawa Jogoo, Fort Hall ikawa Murang'a,
lami ileile, mashimo yaleyale,
na mkokoteni wa maji haukuuliza unapita kwa nani.
"Jina ni kazi ya asubuhi moja," alisema Baba.
"Kona ndiyo kaidi."

Malori ya kwenda Malaba yalikatiza katikati ya mji
yakiwa na tope la nchi tatu magurudumuni,
yakipumulia madirisha ya benki.
Ndipo mji ukaanza kuchepuka:
mchepuko wa kusini, mchepuko wa mashariki,
na shangazi yangu Kalondu akacheka mpaka akakohoa,
"Kumbe hata barabara kuu ina mpango wa kando!"

Namba nazo. A104, aliyoiandika kwa mkono miaka ishirini,
siku moja ikaitwa A8,
naye alikuwa amestaafu, hakuna aliyemwita aikwangue.
Halafu njia ikapanda juu ya nguzo,
Mlolongo hadi Westlands, barabara juu ya barabara,
akaniuliza, kama mwanafunzi,
"Hiyo wanaichoraje? Karatasi haina ghorofa."

Lakini nilitaka kusema habari za nukta.

Mwaka wa sabini na nne, mhandisi mmoja, Bwana Gichamba,
aliweka kidole kwenye ramani, upande wa Embakasi,
akakiburuta hadi ukingoni:
"Hapa, Nzioki. Si sasa. Siku moja."
Baba akaweka nukta, moja baada ya nyingine,
juu ya nyasi tupu na swala wawili watatu.
Kalamu yake ilikuwa imepinda ncha,
kwa hiyo kila nukta ilikuwa na kijimkia.
Fedha hazikuja. Nukta zikalala.

Zikalala Kalondu aliponunua ploti,
mume akiwa amemwacha na watoto wanne na deni la bati.
Zikalala aliposimamisha kinu cha kusaga unga
na foleni ya debe na ndoo ikafika mtaroni.
Shahidi kwenye hati ya ununuzi: Nzioki Maundu. Saini yake, safi.
Sijamuuliza kama alikumbuka.
Nimeweza kumuuliza mara nyingi, nikauliza chumvi.

Miaka arobaini. Kisha vijana na mkebe wa rangi,
na X nyekundu ukutani, bado inachuruzika.

Kalondu alikuja kwetu Umoja na notisi
na mchoro uliokunjwa mara nane.
Baba akavaa miwani. Akaupapasa mchoro.
Waliunakili kwa mashine, lakini mashine ni mwaminifu:
kila nukta ilikuwa na kijimkia.

Hakusema neno.
Akaniomba wembe.

Akaanza kukwangua, pale mezani,
nukta, akapuliza, nukta, akapuliza,
mpaka karatasi ikatoboka
na maua ya kitambaa cha meza yakachungulia.
Kalondu alimtazama, akammiminia chai.
"Kwangua, kaka," akasema.
"Ila tingatinga halijui kusoma."

Siku hizi napita pale kwa kasi ya themanini.
Sakafu ya kinu ilibaki katikati, kati ya njia mbili,
saruji yenye matundu manne ya bolti.
Mtu amerundika udongo juu yake
akapanda sukuma wiki.